Kabla ya kutia saini fomu ya kuhama: jibu kwa kamati ya wapangaji wa mtaa wa zamani

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji katika mtaa mmoja wa nyumba za zamani za kaunti hapa Mombasa. Nyumba zilijengwa zama za ukoloni. Dari zinabanduka, nondo zimeota kutu, na maji taka hufurika kila masika. Tumeitwa mkutanoni tukaambiwa mtaa utabomolewa na kujengwa upya kwa ubia na kampuni binafsi, kwamba kila mpangaji atapewa pesa za kuhama, na kwamba baada ya miaka miwili sisi ndio tutakaofikiriwa kwanza. Nusu ya wakazi wanataka kutia saini, nusu wanataka kwenda mahakamani. Kamati iwashauri nini?

JIBU: Ndugu Katibu, ushauri wangu ni kwamba msitie saini fomu ya kuhama kwa sasa, wala msikimbilie mahakamani kwa sasa. Kati ya njia hizo mbili pana kazi ambayo haijafanywa, nayo ni kuupata na kuusoma mkataba mkuu, yaani ule ambao kaunti imetiliana saini na mbia wake, au inakusudia kutiliana. Fomu mnayoletewa inaeleza mtakavyoondoka. Mkataba mkuu ndio unaoeleza kama mtarudi. Mkiupata, msianze kutafuta kiasi cha fidia. Tafuteni kwanza kama mpangaji wa leo atarudi akiwa mpangaji, kwa kodi ipi na kwa ulinzi gani, au atatakiwa anunue nyumba. Kwa maoni yangu jambo hilo ndilo linaloamua hatima ya wakazi katika miradi ya namna hii, na mikutano mingi huisha bila kuligusa kwa sababu mazungumzo yote hunaswa na pesa za kuhama.

Ili mjue mna nguvu gani mezani, ni vyema kwanza kuelewa ubia huu unavyojilipa. Nyumba za zamani za mabaraza ya miji, zilizorithiwa na kaunti mwaka 2013, zilichakaa kwa sababu inayoeleweka: kodi ilikuwa ndogo, na hata hiyo ndogo iliyokusanywa iliingia katika mfuko wa jumla na kutumika kwingine, ukarabati ukaahirishwa mwaka baada ya mwaka hadi gharama yake ikazidi uwezo wa bajeti ya kaunti. Kaunti haina fedha za kujenga, lakini ina ardhi iliyo karibu na katikati ya mji, yenye barabara, maji na umeme. Mbia ana fedha, au ana uwezo wa kuzikopa benki, lakini hana ardhi ya namna hiyo kwa bei anayoweza kumudu. Wanakutana hapo. Kaunti inatoa kiwanja, mbia anajenga nyumba nyingi zaidi kuliko zilizokuwapo, na zile za ziada ndizo zinazouzwa ili kurudisha mtaji na faida.

Tazameni Buxton, mradi ambao ninyi wa Mombasa mmeuona kwa macho yenu. Nyumba 520 za miaka ya 1950 zilipangwa kubadilishwa kwa nyumba 1,860, katika mradi uliotajwa kugharimu takriban shilingi bilioni 6. Tofauti ni nyumba 1,340, na ndizo zinazoubeba mradi. Kila mpangaji wa zamani aliahidiwa shilingi 240,000 za kuhama. Kwa wapangaji 520 jumla yake haifiki shilingi milioni 125, yaani kama asilimia mbili ya gharama iliyotajwa. Kule Pangani, Nairobi, familia 48 za mtaa wa zamani zilipewa shilingi 600,000 kila moja, katika mradi wa nyumba 1,562 ambazo 952 kati yake zilitengwa kuwa za bei nafuu. Mkiweka viwango hivyo viwili kando kwa kando mtaona kwamba havikutokana na kanuni yoyote ya kitaifa. Familia 48 ni rahisi kulipwa vizuri kuliko familia 520, na kodi za Nairobi ni za juu kuliko za Mombasa, lakini zaidi ya hayo kila kundi lilipata kile lilichoweza kukijadili. Hivyo mkiambiwa kwamba kiasi mlichotajiwa ndicho kiwango rasmi, ombeni mwonyeshwe kimeandikwa wapi.

Pesa za kuhama zina kasoro nyingine, nayo ni kwamba zinatolewa kama kiasi cha mara moja ilhali gharama yenu ni ya kila mwezi. Shilingi 240,000 kwa miaka miwili ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Ujenzi ukifika miaka mitatu, pesa zile zile zinakuwa chini ya shilingi 6,700 kwa mwezi. Ukifika minne, ni 5,000. Ucheleweshaji ni jambo la kawaida sana katika ujenzi mkubwa wenye mikopo, kesi na mabadiliko ya uongozi, na kwa utaratibu huo gharama yake yote inabebwa na mpangaji, ambaye ndiye asiye na uwezo wowote wa kuharakisha kazi. Kwa hiyo dai lililo bora kuliko kuongezewa kiasi ni kwamba malipo yawe ya kila mwezi, yaanze siku mnapotoka na yasikome mpaka siku mnapokabidhiwa funguo. Mbia anayeamini ratiba yake hana sababu ya kuliogopa sharti hilo, na asiyeiamini ni vyema mkamjua mapema.

Sasa turudi kwenye kodi na ununuzi. Miradi ya Buxton na Pangani ilijengwa juu ya wazo kwamba mpangaji wa zamani atapewa nafasi ya kwanza ya kumiliki nyumba mpya kwa kuilipia polepole. Kwa mwalimu, karani au muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi, hiyo inaweza kuwa neema kubwa, kwa kuwa anaingia katika mali ambayo asingeipata sokoni. Lakini katika mitaa yenu wamo pia wastaafu, wajane, mama anayeuza mbaazi na mahamri kila alfajiri, na vijana wa kibarua cha bandarini ambao mwezi mmoja wana pesa na mwezi unaofuata hawana. Hawa walikuwa na kitu cha thamani ambacho hakikuonekana kwenye karatasi yoyote: nyumba ya umma yenye kodi wanayoimudu, karibu na mahali pa riziki yao. Nafasi ya kwanza ya kununua, kwa mtu asiyeweza kununua, haina thamani. Mradi unaweza kutimiza kila neno la ahadi yake, ukajenga nyumba nzuri kwa wakati, na bado nusu ya wakazi wa zamani wasirudi. Na hakuna atakayehesabiwa kuwa amevunja mkataba.

Ndiyo maana napenda kuutaja mfano wa New York, hata kama mji ule una uwezo tusio nao. Mamlaka ya nyumba za umma ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1934, inasimamia nyumba zaidi ya 170,000, nyingi zikiwa zimechakaa vibaya. Mwaka 2023 makisio ya ukarabati unaohitajika kwa miaka 20 yalipita dola bilioni 78. Kwa kuwa serikali kuu haikutoa fedha za kutosha, Bunge la Marekani liliruhusu mwaka 2011 mpango ambao nyumba za umma huhamishiwa kwenye aina nyingine ya ruzuku, inayoaminika na benki, ili kampuni binafsi zikope, zikarabati na kusimamia majengo. New York ilianza kuutumia kwa namna yake katika mtaa wa Ocean Bay, ufukweni mwa Rockaway, uliokuwa umepigwa na kimbunga Sandy mwaka 2012. Nyumba karibu 1,400 zilikarabatiwa.

Yapo mambo manne katika mpango ule ambayo ningependa kamati yenu iyatafakari. Ardhi inabaki mali ya mamlaka ya umma na mbia anapewa kwa mkataba wa muda mrefu. Mkazi anabaki mpangaji, na kodi yake inabaki takriban asilimia 30 ya kipato cha familia baada ya makato, kwa hiyo kipato kikishuka na kodi hushuka. Mkazi aliyekuwapo hachujwi upya kwa vigezo vya mwenye nyumba mpya ili aruhusiwe kurudi. Na akihamishwa kwa muda wakati wa kazi, haki yake ya kurudi imo katika masharti ya mpango wenyewe, haitegemei hisani ya mbia. Msingi wa yote haya ni ruzuku ya serikali kuu inayomlipa mbia sehemu ya kodi ambayo mkazi hawezi kulipa. Kenya haina ruzuku ya namna hiyo kwa wapangaji, na itakuwa si haki kwenu nikificha tofauti hiyo. Hata hivyo, kwetu ardhi inaweza kufanya sehemu ya kazi ya ruzuku: ikiwa kiwanja cha umma, kama kile cha Buxton, kinamwezesha mbia kuuza nyumba 1,340 za ziada, basi ni jambo la hesabu tu kuuliza ni nyumba ngapi kati ya zote zinaweza kubaki mikononi mwa kaunti, zikapangishwa kwa kodi nafuu kwa wale wasioweza kununua. Ombeni hesabu hiyo ifanywe mbele yenu. Huenda jibu likawa nyumba 60 au 150. Lolote litakalokuwa, litakuwa ni makazi ya watu mnaowajua kwa majina.

New York pia ina onyo lake. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza wasiwasi kwamba baada ya majengo kukabidhiwa kwa wasimamizi binafsi, katika baadhi ya mitaa iliyochunguzwa, Ocean Bay ikiwamo, wapangaji waliofukuzwa waliongezeka, na usimamizi wa umma juu ya majengo hayo ulipungua. Haki kwenye karatasi huhitaji mtu wa kuifuatilia. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu siku jengo litakapokamilika, anayekusanya kodi na ada hatakuwa tena karani wa kaunti mliyemzoea, na malimbikizo ya miezi miwili ambayo zamani yalisuluhishwa kwa maelewano yanaweza kuishia kwa dalali.

Kabla sijaingia katika namna ya kushiriki, niseme neno kuhusu kubomoa. Mmeambiwa mtaa utabomolewa kana kwamba hilo halina mjadala. Huenda ni kweli. Hewa ya chumvi ya pwani hupenya katika zege iliyofunika nondo kwa unene mdogo, nondo hufura kwa kutu, zege hubanduka vipande, na jengo lililofikia hali hiyo katika nguzo na mihimili linaweza kuwa hatari kwa wanaolala ndani yake. Lakini dari iliyobanduka si lazima imaanishe nguzo iliyooza. Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa anaweza kuchukua sampuli za zege, kupima nguvu yake na kiasi cha chumvi kilichoingia, na kueleza jengo lipi linaponeka na lipi haliponeki. Mara nyingi kinachosumbua zaidi mitaa hii ni mabomba ya maji taka, yaliyowekwa kwa ajili ya familia ndogo na sasa yanahudumia mara tatu ya watu, na hayo hubadilishwa bila kuangusha nyumba. Ufaransa wametoa mfano unaosomwa na wataalamu wa mipango ya miji kote duniani: katika mtaa wa Grand Parc, Bordeaux, nyumba 530 za umma zilizojengwa miaka ya 1960 zilipanuliwa kwa kuongezewa vyumba vya mbele vyenye vioo na roshani, wakazi wakiwa ndani muda wote wa kazi, na kazi hiyo ikapata tuzo kuu ya usanifu ya Ulaya mwaka 2019. Sisemi Mombasa itafanya hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba anayedai lazima kubomoa ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha ripoti ya mhandisi, na mhandisi huyo asiwe mwajiriwa wa mbia.

Na hata ikilazimu kubomoa, si lazima wote mtoke siku moja. Mitaa ya zamani ilijengwa kwa nafasi kubwa; karibu kila mtaa una uwanja, ukumbi uliofungwa au kona isiyo na jengo. Jengo la kwanza likisimama hapo, familia za safu ya kwanza huhamia humo moja kwa moja, safu yao hubomolewa, na kazi husonga mbele kwa hatua. Utaratibu huu humpunguzia mbia kasi, lakini unazipunguza pia pesa za kuhama anazolipa, na kwenu unaondoa hatari iliyo kubwa kuliko zote, ile ya kuondoka na kubaki mkingoja uwanja mtupu.

Hatari hiyo si ya kudhani. Magomeni Kota, Dar es Salaam, wakazi wa kaya 644 waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupisha ujenzi mpya, nyumba zao zikabomolewa, na eneo likakaa wazi kwa miaka. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwatembelea, akaagiza serikali ijenge, na akaahidi kwamba watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga nyumba 656, ambazo Rais Samia Suluhu Hassan alizifungua Machi 2022. Ndipo ikatangazwa kwamba wakazi wanaweza kuzinunua kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, zaidi ya shilingi milioni 48 za Tanzania kwa nyumba ya chumba kimoja na zaidi ya milioni 56 kwa ya vyumba viwili. Nawapongeza kwa dhati wakazi wale, na serikali iliyowarudisha. Lakini tazameni kilichowaokoa: walibaki kundi moja lenye idadi inayojulikana. Kwa miaka yote ile hakuna aliyeweza kusema hajui walikuwa wangapi. Na tazameni pia kwamba wokovu ulikuja kwa agizo la rais, jambo ambalo kamati ya wapangaji haiwezi kuliweka katika mpango wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati, ambayo haihitaji ruhusa ya mtu, ni kuandaa orodha yenu wenyewe. Hapa ndipo ningependa mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Katika daftari la kaunti nyumba ina jina la mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anayeishi humo ni mjane wake, au binti yake, au mtu aliyepangishwa na mtoto wake anayefanya kazi Doha. Nyuma ya nyumba pana chumba cha mabati chenye familia nyingine. Barazani pana fundi cherehani. Siku ya kulipwa, daftari la kaunti litasoma jina moja tu, na kutoka hapo ugomvi utaingia katika familia na kati ya majirani, na umoja wenu utavunjika kabla hamjaanza kujadiliana na mbia. Hesabuni kila mlango: nani yumo, tangu lini, kwa msingi gani, anadaiwa kodi kiasi gani, nani ni mgonjwa au mlemavu anayehitaji nyumba ya chini, nani anafanya biashara. Malizeni migogoro ya urithi mapema kwa mabaraza ya familia, kwa kadhi au kwa chifu, huku pesa zikiwa bado hazijaonekana. Orodha hiyo itiwe saini ukurasa kwa ukurasa na wakazi wenyewe, na lengo lenu liwe kwamba iambatanishwe na mkataba mkuu kama sehemu yake halali.

Kuhusu mikutano, mkutano mmoja wa watu 300 chini ya mahema, wenye kipaza sauti kimoja na picha nzuri ukutani, hautoshi kuitwa ushirikishwaji. Nairobi ina mfano bora katika Mukuru, eneo la makazi yasiyo rasmi lililotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la kupangwa. Eneo lile lina kaya zaidi ya 100,000, na hata hivyo wakazi walijipanga kaya kumi kumi, kila kundi likitoa mwakilishi, na wawakilishi wakaunda vikundi vikubwa zaidi, hadi mapendekezo ya upana wa barabara na njia za maji yakajadiliwa na watu ambao milango yao ingeguswa. Ikiwa kaya 100,000 ziliweza, mtaa wenu unaweza bila shaka. Kila safu iwe na mwakilishi wake, na wanawake wawemo kwa idadi ya kweli, kwani wao ndio wanaojua maji hukatika saa ngapi, watoto huchezea wapi, na kwa nini jiko la makaa haliwezi kupelekwa ghorofa ya kumi. Kisha uamuzi wa mwisho upigwe kura ya siri, nyumba kwa nyumba, baada ya mkataba kusomwa kwa Kiswahili. London, tangu Julai 2018, meya wa jiji hatoi fedha kwa miradi mikubwa inayobomoa nyumba za umma bila wakazi kupiga kura na kuikubali. New York nayo mwaka 2023 iliwapa wakazi wa Nostrand, huko Brooklyn, kura ya kuchagua kati ya kubaki walivyo, kwenda kwa mbia binafsi, au kuhamia chombo kipya cha umma kinachoweza kukopa. Wakachagua chombo cha umma. Sheria yetu haijaiamuru kura kama hiyo kwa jina, lakini hakuna sheria inayoizuia, na kaunti yenye uhakika na mradi wake itanufaika nayo, kwa sababu mradi uliopigiwa kura ni mgumu kusimamishwa na kesi.

Upande wa sheria mna vya kutosha kuanzia. Ibara ya 10 ya Katiba inaweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala, ibara ya 35 inawapa haki ya habari zilizo mikononi mwa dola, na ibara ya 43 inatambua haki ya makazi ya kutosha. Andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, mkiomba mkataba mkuu, ripoti ya mhandisi, hesabu ya fedha ya mradi na kumbukumbu za bunge la kaunti. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Katika barua hiyo hiyo ulizeni mbia alichaguliwa kwa sheria ipi, ile ya ubia wa sekta ya umma na binafsi ya mwaka 2021 au nyingine, kwa kuwa jibu hilo linaonyesha kama palikuwa na ushindani na nani aliidhinisha. Mahakama ibaki kuwa njia ya pili, na ni njia yenye uzito: katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu wakazi wa Nairobi waliobomolewa nyumba zao, Mahakama ya Juu ilithibitisha Januari 2021 kwamba haki ya makazi inaweza kudaiwa mahakamani na kwamba mahakama inaweza kutoa amri na kusimamia utekelezaji wake kwa hatua. Lakini wakili wenu atakuwa na kesi yenye nguvu zaidi akiwa na barua iliyonyimwa jibu kuliko akiwa na malalamiko ya jumla.

Mkataba ukifika mikononi, mpeni wakili ausome pamoja na mtu anayejua ujenzi, maana hatari nyingine hujificha katika viambatisho. Angalieni kama pana dhamana ya benki itakayoiwezesha kaunti kumalizia kazi mbia akifilisika, na kama haki zenu zinamfunga pia mtu atakayenunua hisa za mbia. Angalieni nani anakagua ujenzi. Mwaka 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, na kiwanja kilikuwa cha shirika la umma lililoingia ubia. Kuwapo kwa dola katika ubia hakukuizuia zege ile kuanguka. Angalieni pia ada ya huduma ya kila mwezi ya lifti, pampu za maji, walinzi na usafi. Familia inaweza kumudu malipo ya nyumba na bado ikashindwa kukaa humo kwa sababu ya ada hiyo, na chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, inayohusu umiliki wa nyumba moja moja ndani ya jengo, wenye nyumba ndio watakaosimamia jengo kupitia shirika lao, kwa hiyo ulizeni wapangaji wa zamani watakuwa na sauti gani humo, na ada itapandishwa kwa utaratibu upi.

Kwa wale wenzenu wanaotaka kutia saini mara moja, msiwalaumu. Mtu anayelala chini ya dari inayobanduka, mwenye karo ya shule inayodaiwa, ana sababu nzito ya kuzipokea pesa zilizo mbele yake. Waelezeni kwamba mnachoomba ni muda wa kuupata mkataba, na kwamba mkiwa pamoja kiasi chenyewe kina nafasi ya kuongezeka. Wale walio katika majengo ambayo mhandisi ataona ni hatari wahamishwe kwanza, kwa malipo ya kila mwezi, huku majina yao yakiwa yamekwisha kuandikwa katika orodha. Kwa wale wanaotaka mahakama, wapeni kazi ya kuandika ile barua na kuhesabu siku 21. Mkutano wenu ujao uwe wa wakazi peke yenu, bila afisa wa kaunti wala mjumbe wa mbia, na ajenda yake iwe mambo mawili: kuchagua wawakilishi wa kila safu, na kugawana milango ya kuhesabu.